Si fimbo iliyotulea



Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapokaribia na mafundi wa kushona wanapokosa usingizi, maneno yale yale husikika tena katika mazungumzo ya wazee wa parokia zetu. Husemwa kwamba zamani watoto walikuwa na adabu. Husemwa kwamba sare ilikuwa safi, mwalimu alikuwa na fimbo, mzazi hakuwa na mchezo, na kwa sababu hiyo watu walikua wakawa watu. Kisha wazee huwatazama ninyi na kutikisa kichwa.

Ninyi husikiliza kwa heshima, maana ndivyo mlivyofundishwa. Lakini tunajua kwamba wengi wenu hujiuliza moyoni kama maneno hayo ni kweli yote. Swali hilo ni halali, na linastahili jibu. Sisi tuliokaa katika madawati ya shule ya msingi hapa Katanga katika miaka ya 1970 na 1980, na ambao baadaye tulijifunza ualimu na kusimama mbele ya ubao, tuna wajibu wa kulijibu bila kulipamba. Tunavyoona sisi, malezi yetu yalikuwa na kitu chema ambacho kinawapungukia watoto wengi wa leo, lakini kitu hicho hakikuwa fimbo. Anayedhani kwamba ilikuwa fimbo yumo katika hatari ya kuwarithisha ninyi kilichokuwa kibaya na kuacha kipotee kilichokuwa kizuri.

Tuanze na sare yenyewe. Shati au blauzi nyeupe, kaputula au sketi ya bluu iliyokolea: rangi hizo mnazijua, kwa sababu hata leo ndizo zinazojaza barabara za nchi yetu saa moja asubuhi. Katika mji wenye udongo mwekundu kama Lubumbashi, kumvika mtoto shati jeupe ni kumpa mama yake kazi ya kila siku. Wengi wetu tulikuwa na shati moja tu. Lilifuliwa jioni, likaanikwa ndani ya nyumba, na alfajiri likapigwa pasi ya makaa hata kama lilikuwa bado na unyevu. Wakati wa mvua tulitoka nyumbani huku kola ikiwa baridi shingoni. Mwezi wa Juni, baridi ya kiangazi inapoikaza Katanga, tulitetemeka katika mstari na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Mstari huo ulikuwa jambo zito. Mkono ulinyooshwa mpaka begani mwa mwenzako aliye mbele, bendera ikapandishwa, kisha mwalimu akapita akikagua kucha, masikio, nywele na vifungo. Kifungo kilichokatika kilihitaji maelezo. Aliyechelewa alisubiri nje ya lango akijua kinachomngoja.

Sare ilikusudiwa kuwafanya watoto wote kuwa sawa, na kwa sehemu ilifaulu. Mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines, ambaye nyumbani kwao mshahara ulikuja pamoja na posho ya unga, alikaa dawati moja na mtoto wa mama anayeuza mihogo sokoni, na mgeni aliyepita barabarani hakuweza kuwatofautisha. Lakini watoto wana macho makali. Tulijua ni nani aliyevaa kitambaa kipya na ni nani aliyevaa shati la kaka yake lililokatwa mikono. Tuliona viraka, tuliona miguu isiyo na viatu.

Tena kuna jambo chungu ambalo halitajwi sana na wanaosifu enzi hizo. Mtoto ambaye sare yake haikukamilika, au ambaye minervali yake haikulipwa, alirudishwa nyumbani mbele ya darasa zima. Nguo iliyobuniwa ili kuondoa aibu ikageuka chombo cha kuaibisha. Tuliwaona wenzetu wakikusanya madaftari yao na kutoka huku wameinama. Baadhi yao walirudi baada ya wiki moja, wengine hawakurudi kamwe. Tunapohesabu matunda ya ukali wa zamani, haifai tuwahesabu sisi tu tuliomaliza masomo. Nao waliotoka kwa mlango huo lazima wahesabiwe.

Hata hivyo tunaikumbuka sare kwa upendo, na ni vizuri mwelewe sababu. Shati lile jeupe lilikuwa ushuhuda ambao mtaa mzima uliweza kuusoma: mtoto huyu ana mtu anayemwangalia. Kulikuwa na mama, au shangazi, au yaya mkubwa, aliyekesha kwa ajili ya kola ile. Mtoto aliyejua jambo hilo alitembea kwa namna nyingine. Hakuogopa tu kuchafua nguo. Aliogopa kudharau usingizi wa mtu.

Nyumbani nako kulikuwa na ukali. Kitu kilipokelewa kwa mikono miwili. Mkubwa hakusalimiwa ukiwa umekaa. Bukari haikuguswa kabla ya wakubwa kunawa. Kila mtu mzima wa mtaa alikuwa baba au mama. Aliweza kukukaripia njiani, na habari ikafika nyumbani kabla yako. Shuleni kulikuwa na fimbo, kulikuwa na kipande cha mpira wa gurudumu, kulikuwa na kupiga magoti juu ya changarawe mikono ikiwa juu. Wako wanaosema kwamba hayo yote ni mila ya mababu. Tunawasihi wasikilize lugha yetu wenyewe. Mjeledi tunauita kiboko, kwa jina la mnyama ambaye ngozi yake ilikatwa ili kutengenezea mjeledi huo. Katika Kongo ya Leopold II, na katika Kongo ya Wabelgiji iliyoifuata, kiboko kilikuwa chombo cha kuwalazimisha watu wazima kufanya kazi na kulipa kodi. Mababu waliwaadhibu watoto, hatukatai. Lakini si kila pigo lililoingia darasani lilitoka kwao. Mengine yalitoka kambini na gerezani, na hayastahili kuheshimiwa kama urithi.

Fimbo hiyo ilitufundisha nini? Ilitufundisha kuwa kimya mbele ya mwalimu. Ilitufundisha pia kusema uongo haraka, kwa sababu mtoto anayeogopa pigo hatafuti ukweli, anatafuta mlango wa kutokea. Wako kati yetu wanaokumbuka kipande cha mbao kilichotundikwa shingoni mwa mwanafunzi aliyesikiwa akisema Kiswahili au Kiluba badala ya Kifaransa. Aliyekivaa hakuweza kukivua mpaka amnase mwenzake katika kosa hilo hilo, na aliyebaki nacho saa ya kwenda nyumbani aliadhibiwa. Labda tulijifunza Kifaransa kidogo kwa njia hiyo. Tulijifunza zaidi kupelelezana, na kuona aibu kwa lugha ya mama zetu.

Ukali wa shule haukusimama peke yake. Ulikuwa ndani ya ukali mkubwa zaidi, ule wa taifa. Mwaka 1971 nchi ilipewa jina la Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, na watoto wa Kanisa wakawa na majina mawili: moja la kuitwa darasani, jingine la kuitwa katika mafundisho ya katekisimu. Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ilizitwaa shule za madhehebu, na somo la dini likaondolewa. Ilichukua muda mpaka mapatano ya Februari 1977 yaliyorudisha usimamizi wa shule hizo kwa Makanisa. Wanaume wa ofisini walivaa abakosti, wanawake walikatazwa suruali, na nyimbo za kumsifu kiongozi wa chama kimoja ziliimbwa na wakubwa kwa watoto. Twaweza kusema kwamba taifa zima lilivishwa sare na kusimamishwa katika mstari. Mstari ulikuwa mnyoofu kabisa. Wakati huo huo mali ya taifa iliporwa, na waliosimama wamenyooka walikuwa wakitazama.

Sasa na tufanye hesabu kwa uaminifu. Wengi wa watu wanaokaa leo katika viti vya ofisi zetu, wenye umri wa miaka 50, 60 na zaidi, ni watoto wa malezi hayo. Walikaguliwa kucha. Walipiga magoti juu ya changarawe. Na bado tunajua kinachomngoja mjane anayekwenda kutafuta karatasi ofisini bila matabishi mkononi. Tunajua kwamba pointi za shule huuzwa, na kwamba anayeziuza alifundishwa kwa fimbo kwamba kuiba ni dhambi. Kama fimbo ingekuwa inazaa uaminifu, nchi yetu ingekuwa ya kwanza kwa uaminifu, maana fimbo hatukuikosa. Lakini hofu huhitaji mlinzi. Mlinzi anapoondoka, au mwoga wa jana anapopata cheo na kuwa yeye mwenyewe mlinzi, hofu haina tena la kumwambia.

Mtatuambia kwamba kizazi hicho hicho kimetoa pia watu wanyofu. Ni kweli, na ndiyo sababu hatuwezi kutupa kila kitu. Katika miaka ya 1990, mishahara ya Serikali ilipokosekana miezi mingi, kulikuwa na walimu walioendelea kuingia darasani kila siku wakiwa na daftari la matayarisho lililoandikwa vizuri. Kulikuwa na mama waliouza vitumbua na makaa ili mtoto asikose mtihani wa taifa. Nao pia walichapwa utotoni, kama wale wa matabishi. Kwa hiyo fimbo haielezi unyofu wao. Ni lazima tutafute kingine.

Ukiwauliza watu hao, watakutajia mtu. Sisi pia tuna wetu. Tunamkumbuka mwalimu mmoja wa mwaka wa tano ambaye hakucheka ovyo na hakuvumilia uchelewaji. Lakini yeye mwenyewe alikuwa langoni kabla ya mwanafunzi wa kwanza, na shati lake, lenye kiraka kwenye kiwiko, lilikuwa limepigwa pasi kama yetu. Mwenzetu mmoja alipochelewa siku tatu mfululizo, mwalimu huyo hakusema neno mbele ya darasa. Baada ya masomo alimfuata mpaka kwao, akakuta mama mgonjwa na mtungi uliopaswa kujazwa mbali kabla ya jua kuchomoza. Alizungumza na majirani, na maji yakapatikana kwa zamu. Kisha akamwambia mtoto kwamba kuanzia kesho atafika saa kama wengine wote. Naye alifika.

Tazameni vizuri kilichotendeka hapo. Sheria haikulegezwa hata kidogo. Mtoto alitakiwa kufika kwa wakati, na alifika. Lakini mwenye sheria aliibeba kwanza yeye mwenyewe, kisha akatembea kwa miguu yake ili kujua ni kitu gani kinachomzuia mtoto kuishika. Ukali wa namna hiyo unagharimu. Unamgharimu mlezi kuliko unavyomgharimu mtoto, na mtoto huliona jambo hilo hata kama hana maneno ya kulisema. Hicho ndicho kitu chema tunachokizungumzia: kulikuwa na watu wazima waliokuwapo, wenye jicho juu yetu, wakitutaka tuwe zaidi ya tulivyokuwa. Mahali walipokuwapo watu hao, tulikua. Mahali ilipokuwapo fimbo bila watu hao, tulizoea tu kuchapwa.

Hayo si mapya katika Kanisa letu. Wasalesiani walifika katika mji huu mwaka 1911, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, nao walileta fikra za mwanzilishi wao, Yohane Bosko, aliyeishi toka 1815 hadi 1888 na kufanya kazi kati ya vijana maskini wa Torino. Katika maandishi yake ya mwaka 1877 juu ya malezi, yeye alitaka mlezi akae katikati ya vijana, hata uwanjani wakati wa mchezo, ili kosa lizuiliwe kabla halijatendeka, na kazi yote isimame juu ya akili, dini na wema. Alikataza kupiga. Alikataza hata kumpigisha kijana magoti kwa namna ya kumuumiza. Alitaka pia kijana asionywe mbele ya wote, isipokuwa kwa nadra sana. Wanaotuambia kwamba kulea bila fimbo ni mtindo wa kisasa uliokuja na simu wanasahau kwamba fikra hizo zimeandikwa tangu siku za babu wa babu zetu.

Wengine watatutajia kitabu cha Mithali na fimbo yake. Tunakiheshimu kitabu hicho. Lakini Maandiko yale yale, kwa kalamu ya Paulo alipowaandikia Waefeso, yanawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi kuwakasirisha, bali wawalee katika mafundisho ya Bwana. Na mchungaji wa Biblia hubeba fimbo ili kuongoza kondoo na kufukuza mnyama mkali. Hatujasikia mchungaji anayesifiwa kwa kuvunja miguu ya kondoo zake. Sheria ya nchi nayo imekwisha kusema. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka nidhamu, nyumbani na shuleni, itolewe kwa namna inayomheshimu mtoto kama binadamu.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba mtoto aachwe afanye apendavyo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nao ulimwengu hufundisha bila huruma; vijana wenye mapanga wanaotisha mitaa yetu usiku wengi wao hawakulelewa kwa upole, waliachwa tu. Kuachwa si uhuru. Mtoto ambaye hakuna anayemuuliza ametoka wapi saa tatu usiku hajapewa heshima, amenyimwa mtu. Kwa hiyo saa ya kurudi nyumbani ibaki, salamu zibaki, usafi ubaki, kazi za nyumbani zibaki, kwa wavulana kama kwa wasichana. Na sare ibaki pia. Tunachoomba ni kwamba kila sheria iwe na mtu nyuma yake, mtu anayejulikana, anayeishika yeye kwanza.

Jambo hili lina uzito wa pekee leo. Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi ya shule za Serikali yametangazwa kuwa ya bure, na watoto wengi waliokuwa nyumbani wamerudi darasani. Tunafurahi. Lakini sare bado inanunuliwa na mzazi, na darasa lililojaa kupita kiasi humshawishi mwalimu aliyechoka kutumia fimbo, kwa sababu fimbo haina haja ya kujua jina la mtoto. Hivyo hatari mbili za utoto wetu, aibu ya asiye na sare na kipigo kisichouliza, bado ziko mlangoni.

Na hapo ndipo tunapowageukia ninyi. Mnasoma ukurasa huu kama vijana, lakini kila Jumamosi wengi wenu ni walezi. Mnaongoza wadogo wa Kizito-Anuarite, wa Xaveri, wa skauti. Mnawapanga watumishi wa altare na waimbaji wadogo. Mnavaa fulari, na fulari ni sare. Mnapiga filimbi na watoto sabini wanakimbia kujipanga. Hakuna mzee anayewashika mkono saa hiyo. Mtoto anayechelewa, anayecheka katika mstari, anayekuja bila fulari, yuko mikononi mwenu, na mtamtendea ama kama mlivyotendewa, ama vizuri zaidi.

Tunawaomba mambo machache yanayowezekana. Fikeni kabla ya wadogo, kila Jumamosi, hata mvua ikinyesha. Asiwepo mtoto anayepigishwa magoti juu ya mawe katika kiwanja cha kanisa. Asiwepo anayerudishwa nyumbani kwa sababu hana fulari. Kitambaa cha mita moja hutoa fulari zaidi ya moja, na katika kila shirika hakukosekani fundi mwenye cherehani. Mwezi wa Julai, mwaka wa shule unapokwisha, pitieni nyumba kwa nyumba mkakusanye mashati na sketi zilizowabana wenyewe, mzioshe, mzitengeneze vifungo, na kuzigawa mwezi wa Agosti bila kutangaza majina ya wanaopewa. Na kabla ya kumwadhibu mtoto mara ya tatu kwa kosa lile lile, nendeni kwao. Pigeni hodi, msalimieni mama, kaeni kidogo. Huenda mkakuta mtungi.

Baada ya miaka thelathini, wadogo hao watazungumza juu yenu kama sisi tunavyozungumza juu ya walimu wetu. Watasahau mengi mliyowafundisha. Hawatasahau kama mlijua wanakaa wapi.